Bangili ya Mama Kidoti

Katika ofisi nzima ya ghorofa ya tatu hakukuwa na mtu mtulivu kama Mama Kidoti. Si mimi niliyesema. Ilisema bangili ya mpira aliyofungwa mkononi, yenye kitaa kidogo kama punje ya mchele. Kwa wenzake kitaa kiligeuka njano asubuhi, na ikifika mchana kimekuwa chekundu. Kwake kilibaki kijani, wiki kwa wiki, mwezi kwa mwezi, mwaka ukakatika. Wenzake wakampa jina: Kijani. Mwanzoni ulikuwa utani tu. Baadaye kuna waliolitamka jina hilo huku wakimtazama kwa jicho la pembeni, maana wote walijua kwamba mwanamke huyu alikuwa amezika mtoto, na mtoto mwenyewe alikuwa wa pekee.

Ofisi ilikuwa ya bima ya maisha. Kazi ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kuingiza barua na fomu za wateja. Kulikuwa na meza ya anwani, ambako mtu akihama nyumba unabadilisha jina la mtaa na namba ya mlango, huku mnapiga soga. Kulikuwa na meza ya ajali. Na kule mwisho, kando ya dirisha lisilofunguka, kulikuwa na meza ya vifo. Faili za watoto zilikuwa za rangi ya waridi. Sijui nani alichagua rangi hiyo, lakini akili zake hazikuwa sawa.

Kila fomu ya waridi ilikuwa na kisanduku kilichoandikwa "saa ya kifo", na wazazi wengi walikiacha kitupu. Fomu yenye kisanduku kitupu haiendi mbele. Karani lazima ainue simu ampigie mzazi, ajitambulishe, atoe pole, halafu aulize: mtoto alifariki saa ngapi? Mama Kidoti aliuliza swali hilo mara nne, mara tano kwa siku. Kuna wazazi waliomtukana. Kuna waliokata simu. Wabaya zaidi walikuwa wale waliojibu kwa adabu.

Namna alivyofika kwenye meza hiyo ni kisa cha kuchekesha, kama una roho ya kucheka.

Zamani meza ziligawiwa na msimamizi, mzee mmoja mnene, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni na hata moja haiandiki. Aligawa alivyoona yeye, na kila alivyogawa watu walinung'unika: fulani ni shemeji yake, fulani anamletea chai. Makao makuu yakachoshwa na malalamiko, yakaleta bangili. Zililetwa na fundi wa vipimo, mtu wa makamo mwenye mvi kidevuni na sauti ya mwalimu wa watoto wadogo.

"Mwili hauna siri," aliwaambia siku ya kwanza. "Kompyuta ikikwama, mteja akikutukana, moyo unakwenda mbio, vidole vinapoa, ngozi inatoa jasho ambalo hata wewe mwenyewe hulioni. Bangili inaliona. Lakini kila mtu na mwili wake. Yupo mwenye moyo wa kasi tangu kuzaliwa. Kwa hiyo wiki hii tunapima hali yako ya kawaida, na hiyo ndiyo itakuwa msingi wako. Baada ya hapo, ukipanda juu ya msingi, taa inabadilika. Ukiwa mwekundu siku tatu mfululizo, unahamishiwa meza nyepesi. Hakuna kumbembeleza mtu."

Watu walipiga makofi. Hata msimamizi alipiga, maana aliona sasa atalala usingizi.

Kabla ya kufungwa bangili, kila mmoja alipewa karatasi yenye swali moja: Je, wiki hii kuna jambo lolote lisilo la kawaida maishani mwako? Chini yake, visanduku viwili: Ndiyo. Hakuna.

Wiki hiyo Kidoti alikuwa amelazwa. Alikuwa na miaka sita, na doa dogo jeusi shavuni lililompa jina. Mapafu yalikuwa yamejaa, akawekewa oksijeni, na alikuwa akiongea kwa vidole kwa sababu pumzi haikutosha kwa maneno. Mama alilala naye, na baba yake, mwashi, alikuja saa kumi na mbili asubuhi kushika zamu. Mama akanawa uso kwenye bomba la hospitali, akabadilisha blauzi chooni, akaenda kazini roho juu juu. Kutokwenda hakukuwezekana. Bima ya matibabu ya ofisini kwake ndiyo iliyobeba wodi ile, na mikataba ya makarani ilikuwa isainiwe upya Ijumaa. Sasa msimamizi, kwa roho safi kabisa, alikuwa ametangaza kwamba atakayejibu "Ndiyo" asiwe na wasiwasi: atarudia zoezi mwezi ujao, na faili lake litasubiri.

Litasubiri! Mama Kidoti alisikia neno hilo peke yake. Mkataba ukisubiri, bima inasubiri. Bima ikisubiri, mtungi wa oksijeni nao je? Akajikaza, akaweka alama kwenye "Hakuna". Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililokuja kumfanya ajichukie.

Bangili ikafanya kazi yake. Ikakuta moyo unaokimbia kutwa bila kupumzika, vidole vya baridi, ngozi yenye majimaji. Ikaambiwa hakuna jambo, ikaamini. Huyu ndivyo alivyo, ikaandika. Tusiilaumu sana, kwani haikuwa na sababu ya kumshuku mama wa watu.

Alhamisi, saa tano na robo asubuhi, Kidoti alikufa.

Ofisi ile inashika siri za wateja, kwa hiyo simu zote za mkononi huwekwa kwenye sanduku la chuma mlangoni, linalofunguliwa saa saba. Saa saba Mama Kidoti aliikuta simu yake imepigwa na mume wake mara kumi na tisa. Hakusoma ujumbe. Aliitazama hiyo kumi na tisa, akakaa chini pale pale mlangoni.

Siku ya tatu baada ya mazishi, wageni wakiwa wameanza kuondoka, mume wake alimuuliza. Hakuuliza kwa ukali. Alikuwa anakunja mkeka.

"Saa ile, mke wangu, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namuwaza," alisema. "Muda wote nilikuwa namuwaza."

Mwashi alitikisa kichwa, akamaliza kukunja mkeka. Hakuuliza tena. Lakini tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache, anaondoka mapema, anarudi na vumbi la saruji kwenye kope, anakula, ananyamaza. Nyumba ikawa na watu wawili wanaopishana mlangoni kwa heshima.

Na ukweli ni kwamba Mama Kidoti hakujua alikuwa anafanya nini. Aliitafuta saa ile mwaka mzima. Aliikumbuka asubuhi, bomba la hospitali, kifungo cha blauzi kilichokatika. Alikumbuka sanduku la chuma. Katikati palikuwa na shimo. Aliwauliza wazazi wa watu saa ya kifo kutwa kucha, na ya mwanawe aliijua kwa dakika, lakini yeye mwenyewe alikuwa wapi ndani ya dakika hiyo, alikuwa na sura gani, hakukumbuka.

Aliporudi kazini walimweka meza ya anwani kwa miezi miwili, kwa huruma. Halafu makao makuu yakauliza kwa nini karani mwenye taa ya kijani anakalia meza nyepesi wakati wekundu wanaumia. Msimamizi akamwita.

"Mama Kidoti, mwanangu," alisema, "Mungu mkubwa. Nilikuwa na hofu juu yako, lakini mashine inasema umeshapoa."

"Mzee, sijapoa."

"Mwenyewe huwezi kujua. Mwili ndio unaojua."

"Nihamishie hata ajali, mzee wangu. Hizi za waridi zinanikata maini."

Msimamizi aliangalia bangili, akaangalia uso wake, akairudia bangili. "Mkono wangu haumo tena humu. Nikikusogeza wewe, kesho nitaambiwa ni shemeji yangu. Kuwa mwekundu siku tatu tu, nakuhamisha saa hiyo hiyo. Naapa."

Basi akajaribu kuwa mwekundu. Alikunywa kahawa vikombe vitano, akaishia kushinda chooni, kijani. Alipanda ngazi mbio kutoka chini mpaka ghorofa ya tatu, bangili ikaandika "mazoezi" na kumpongeza. Alijilazimisha kuitazama picha ya Kidoti aliyoificha chini ya kibodi, akalia machozi yakadondokea herufi. Kijani. Alikuwa ameshajaa zamani, na hakukuwa na pa kuongeza. Wakati huo huo jirani yake wa meza, Mama Pacha, mwanamke wa vicheko na mdomo usio na breki, aliwaka nyekundu siku tatu kwa sababu ya viatu vipya vilivyombana. Akahamishiwa anwani. Alihama akichechemea, na alipopita akamwinamia Mama Kidoti sikioni.

"Shoga yangu, nisamehe. Ningekupa hivi viatu, lakini mguu wako mdogo."

Mama Kidoti alitabasamu. Alibaki peke yake kando ya dirisha lisilofunguka, na siku zikamla hivyo, simu kwa simu, mpaka ikafika hatua akawa anawaonea wivu wazazi waliomtukana, kwa sababu wao walikuwa na mtu wa kumtukana.

Mwaka ulipotimia fundi wa vipimo alirudi kukagua bangili. Alipewa chumba cha kuhifadhia karatasi, akaweka kompyuta yake juu ya maboksi. Mama Kidoti alisubiri hadi wenzake wote walipokwisha kukaguliwa, akaingia, akafunga mlango.

"Fundi, wiki ile ya kwanza niliandika uongo," alisema kabla hajaketi. "Niliandika hakuna. Na jambo lilikuwepo. Mtoto wangu alikuwa mgonjwa, hoi."

Fundi hakuwa mtu wa ofisi ile. Alikuja wiki ile, akaenda zake Alhamisi kabla sanduku la simu halijafunguliwa, na habari za msiba hazikumfuata huko alikokwenda. Aliona tu mama mwenye macho makavu anayekiri kosa. Akampa kiti.

"Pole sana, mama. Kumbe ndiyo maana! Mimi nilikuwa nashangaa mwili gani huu." Akafungua mistari yake kwenye kioo, ukaonekana mstari mmoja umepanda juu, umekwenda hivyo hivyo mpaka ukingoni. "Huu ndio msingi wako, wiki ile. Na huu ni mwezi uliopita." Akauweka wa pili juu ya ule wa kwanza. Ililingana sawasawa. "Unaona? Hata nikikupima upya wiki hii, tutarudi pale pale. Ninachohitaji ni saa moja tu ya utulivu wa kweli. Moja. Ndani ya mwaka huu, una saa kama hiyo?"

Mama Kidoti alifikiri. Alifikiri kwa dhati, maana wokovu wake ulikuwa hapo. "Sina, fundi."

"Haiwezekani mtu asiwe nayo. Subiri." Akaanza kurudisha siku nyuma, mwezi baada ya mwezi, mstari juu, juu, juu, akafika mwanzo kabisa. Akapiga goti lake kwa furaha. "Hii hapa! Si nilikwambia? Ilikuwa ndani ya wiki ile ile. Alhamisi."

Mstari ulikuwa umeshuka. Ulishuka kama mtu aliyesimama foleni siku nzima halafu akapewa kiti.

"Na hii naikumbuka, nilikuwepo!" fundi alisema. "Ndiyo siku ile msimamizi alipotaka kuvaa bangili mwenyewe. Mashine ikaandika 'hakuna mapigo'. Mimi nahangaika kufunga upya, yule mama mwenzako wa vicheko akasema..."

"Fundi usihangaike," Mama Kidoti alimalizia polepole. "Sisi tulijua zamani kwamba hana moyo."

"Hiyo hiyo! Ofisi haikuwa na mbavu. Hata mzee mwenyewe alicheka mpaka kalamu zikamwanguka."

Na shimo likajaa. Likajaa lote kwa mpigo, hakuombwa ruhusa. Alicheka. Alikuwa amecheka mpaka akashika tumbo, wa kwanza kuanza na wa mwisho kunyamaza. Halafu Mama Pacha akamkatia nusu ya mkate wake, akaula, chakula cha kwanza kilichopita kooni tangu Jumatatu, na kilikuwa kitamu. Alivua viatu chini ya meza, akanyoosha miguu. Alijiambia, ah, labda mambo yatakaa sawa. Kwa muda, Mungu amsamehe, hakumuwaza mtu yeyote.

"Mlianza kucheka saa tano kasoro," fundi aliendelea, akifuata mstari kwa kidole. "Ukashuka taratibu. Hapa chini kabisa ndipo ulipotulia. Moyo sitini na nne, vidole vina joto, jasho hakuna. Saa tano na robo."

Mama Kidoti aliitazama hiyo saa tano na robo.

"Nikiichukua saa hii iwe msingi wako, kuanzia kesho asubuhi utakuwa mwekundu. Keshokutwa mwekundu, mtondo mwekundu, basi, unahama. Haki yako. Jaza hapo tu." Akamgeuzia kompyuta.

Kwenye kioo palikuwa na swali lile lile, maneno machache tu yamebadilika: Je, katika saa hii kulikuwa na jambo lolote lisilo la kawaida maishani mwako? Chini yake, Ndiyo na Hakuna.

Alikaa akilitazama. Nje ya mlango simu ililia kwenye meza yake mwenyewe, ikalia, ikakata. Alijua kilichokuwa upande ule: dirisha, faili za waridi, sauti za akina mama. Alijua kilichokuwa kwenye meza ya anwani: namba za milango, vicheko vya Mama Pacha, mchana unaokwisha. Alama moja tu. Aliwahi kuiweka kabla, wakati ule alikuwa na sababu, sababu ilikuwa hai, inaongea kwa vidole.

Akabonyeza "Ndiyo".

Kioo kikajibu papo hapo: saa hii haifai, msingi wa zamani utaendelea kutumika.

"Mama, umekosea!" fundi alisema. "Umebonyeza sipo."

"Hapana, fundi. Ndipo penyewe."

"Lakini kulikuwa na jambo gani saa hiyo? Mimi nilikuwepo. Mlikuwa mnacheka."

"Ndiyo," alisema Mama Kidoti. "Nilikuwa nacheka."

Akainuka, akakirudisha kiti mahali pake, akamshukuru. Fundi alimwita mara mbili. Hakugeuka, maana uso wake haukuwa wa kuonyesha mtu, na alijua jioni hiyo, akirudi nyumbani, ama atamwambia mwashi alichokuwa anafanya saa ile, ama ataendelea kula naye chakula kimya mpaka mmoja wao azikwe. Yote mawili hayakuwa na nafuu.

Mezani fomu ya juu ilikuwa na kisanduku kitupu. Aliinua simu, akajitambulisha, akatoa pole, akauliza. Upande wa pili alikuwa mwanamke.

"Sijui, dada," alisema. "Nilikuwa nimetoka nje kidogo, naanika nguo. Niliporudi nikamkuta. Sasa niandike saa ya nguo au saa ya kurudi?"

Mama Kidoti aliingiza mkono chini ya kibodi, akaigusa picha.

"Dada, upo? Wewe una mtoto?"

Msimamizi alikuwa anapita nyuma yake na faili mkononi. Aliinama akakitazama kitaa cha bangili, akaridhika, akaweka mbili zaidi za waridi juu ya meza.